Kitanda cha Mtoto Juu ya Tenki

Siku yenu ya kwanza kazini mtaambiwa kwamba ajali haina kinga. Atakayewaambia atakuwa amesimama chini, kivulini, mikono mfukoni, na ninyi mtakuwa mnaangalia juu ya lori la tenki mnalotakiwa kulipanda. Kama ni mkubwa wenu, mwitikieni kwa adabu. Halafu msimwamini.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye matenki ya mafuta ya alizeti hapa Singida: wapakiaji, matingo, wachukua sampuli, na hata ninyi mnaotoka chuo mkidhani mtakaa ofisini. Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya chakula nikidhani hivyo hivyo. Kiwandani nikapewa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanaume mrefu, chupa za plastiki, na nikaonyeshwa ngazi. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya kila tenki lililojazwa, kufungua mfuniko, kuchota mafuta kidogo na kuyapeleka maabara. Bila sampuli yangu lori halikutoka getini. Wachache walilijua jina langu. Niliitwa Dada Sampuli.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa sababu sijafika arobaini. Wacheke. Nilipanda matenki miaka mingi kuliko alivyowahi kupanda yeyote kati ya waliokuwa wakinipa amri, na ninayo ya kusema.

Kwanza, juu kwenyewe. Anayeona tenki likipita barabara ya Manyoni hudhani juu yake kuna uwanja. Hakuna. Tenki lina mgongo kama wa ng'ombe, na katikati ya mgongo kuna njia nyembamba ya bati lenye matundu, ambayo watu wawili hawapishani. Ukisimama pale uko usawa wa paa la nyumba, na chini yako ni zege. Kisha kuna upepo. Ninyi ni watoto wa Singida, sina haja ya kuwaeleza upepo, ila upepo mnaoujua ni ule wa chini. Juu ya tenki, mwezi wa nane, ovaroli inajaa hewa na unahisi kuna mtu anakuvuta mgongoni.

Na kuna mafuta yenyewe. Petroli ikimwagika inaruka na kuisha. Alizeti haiendi popote. Tone lililomwagika wiki iliyopita bado lipo, limekula vumbi, limekuwa ute. Unalikanyaga ukidhani ni uchafu tu.

Aliyenifundisha kupanda alikuwa Mzee Mkumbo, mnyapara wa upakiaji, mtu wa Ulemo, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe wa mbali. Siku ya kwanza alinikuta nimeshika ngazi kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya, msomi. Ngazi inapandwa kwa nini?"

"Kwa miguu."

"Ndiyo maana wasomi wanaanguka. Ngazi inapandwa kwa mikono. Miguu inafuata tu."

Alininyang'anya chupa, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa, akanivika mfuko ule begani mpaka ukakaa mgongoni. Mikono yote miwili ikabaki huru. Akanionyesha kushika vyuma vya kukanyagia, si vyuma virefu vya pembeni. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, na jibu lake mpaka leo sijapata la kulipinga: mguu ukiteleza, mkono ulioshika chuma cha pembeni unateleza nao mpaka chini, lakini ulioshika cha kukanyagia unabaki pale pale. Kushuka, uso kwenye ngazi, kama ulivyopanda. Chuma cha mwisho hakirukwi hata kama umechoka, hata kama chai imewiva. Nimeona vifundo vingi zaidi vya miguu vilivyoharibika kwa kuruka chuma cha mwisho kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kumbukeni haya yote. Mzee Mkumbo alikuwa mwalimu mzuri, na nusu ya aliyonifundisha ndiyo iliyonirudisha nyumbani mzima kila siku. Tatizo lilikuwa nusu ya pili.

Kwenye kila tenki, kando ya ile njia ya juu, zimelala fito za chuma zilizopakwa rangi ya njano. Chini, mguuni mwa ngazi, kuna mkono wa chuma. Ukiuvuta, fito zile zinasimama pande zote mbili, zinafika kiunoni, na mtu aliye juu anakuwa na kitu cha kushika. Sisi tuliziita reli. Siku ile ya kwanza niliuvuta ule mkono, reli zikasimama, na yadi nzima ikaangua kicheko.

"Kitanda cha mtoto! Dada Sampuli amejitandikia kitanda cha mtoto!"

"Mleteeni na neti!"

"Mwimbieni alale!"

Nikamgeukia Mzee Mkumbo. "Mzee, kwa nini ninyi hamziinui?"

"Sisi si watoto."

"Mimi nitainua."

"Wewe inua. Wewe mwanamke, hatukucheki."

"Mbona mnacheka sasa hivi?"

"Tunacheka kidogo."

Basi nikawa nainua, kila siku, kila lori, na wao wakawa wanacheka kidogo. Mimi nilikuwa nachukulia sampuli kwenye mizani, mahali pa wazi, lori likishajazwa. Wapakiaji walifanya kazi yao upande wa pili wa yadi, kwenye pakilio, chini ya bomba kubwa lililotoka kwenye matangi ya kiwanda. Kule hakuna aliyewahi kuinua reli. Mimi nilidhani ni ubishi wa kiume, ule unaowafanya watu waendeshe pikipiki bila kofia ngumu. Niliwapa mihadhara. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la chanjo ya kuku.

Msidhani walikuwa wajinga. Walikuwa na akili zao, na mara nyingine akili zao ziliwaingiza matatani kwa njia ambayo mjinga asingeifikia. Chukueni habari ya mashudu. Mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, kiwandani kwetu yalikuwa vilima na vilima, ya bure. Juu ya tenki pakiteleza, wapakiaji walipanda na ndoo ya mashudu wakayanyunyiza. Mchanga haukuruhusiwa, kwa sababu ukiingia kwenye mafuta mzigo wote unakataliwa. Mashudu yakiingia, walisema, ni alizeti imerudi kwa mama yake. Na kweli mwanzoni mguu unashika. Lakini mashudu yanakunywa mafuta polepole, yanavimba, na kufikia mchana yamekuwa uji.

Daudi, dereva wa Manyoni aliyekuwa na maneno kuliko redio, alipanda kukagua mifuniko yake mchana mmoja kama huo. Tulimwona ameketi ghafla, halafu tukamwona anasafiri akiwa ameketi, kutoka mfuniko wa kwanza hadi wa tatu, huku amenyoosha miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Mfuniko wa tatu ulimpokea katikati ya mapaja. Alishuka kimya. Siku ile nzima Daudi hakusema neno, na ndiyo siku pekee ya aina hiyo ninayoikumbuka.

Mimi nikaweka mbao mbili chini, nikazipaka mafuta yale yale. Mmoja nikaunyunyizia mashudu asubuhi, mwingine nikaugongelea gunia la katani. Mchana nikawaita watu wapite juu yake. Mzee Mkumbo alisema mnyapara hachezi michezo ya watoto wa chekechea. Kisha akapita. Kwenye mashudu alikaa chini kabla ya hatua ya pili. Akajipangusa, akautazama ubao kana kwamba umemtukana, akasema, "Leteni magunia." Tangu siku ile magunia yakawa yanafungwa kwa waya juu ya matenki, na kila Jumatatu yanabadilishwa. Fanyeni hivyo hivyo. Na msinunue gambuti. Mimi nilinunua, mafuta yakaingia ndani, nikashuka na moja, la pili likabaki juu limesimama peke yake, na upepo ukaliangusha kwenye kioo cha lori la jirani. Vaeni kiatu cha ngozi chenye soli ya meno, na meno yakiziba yachokoeni kwa msumari.

Nawaambia hayo ili mjue kwamba pale palikuwa na watu wanaoweza kubadilika. Mzee Mkumbo aliacha mashudu ndani ya siku moja. Kwa nini basi reli hakuiacha ikasimama kwa miaka yote ile? Hilo swali nililibeba muda mrefu bila kulifungua.

Kati ya wapakiaji alikuwapo Yusufu, Mnyaturu wa Ihanja. Mama yake alikuwa mkulima wa alizeti, kwa hiyo alipenda kusema kwamba anapakia jasho la mama yake na watu wa Dar wanalikaangia chipsi. Ni yeye aliyepiga kelele ya neti siku yangu ya kwanza, na hakuniacha. Kila nikiinua reli alikohoa na kuniuliza kama mtoto amelala.

Ilikuwa saa nne asubuhi, msimu umepamba moto, malori yamepanga foleni hadi nje ya geti na madereva wanapiga honi. Yusufu alikuwa juu ya tenki kwenye pakilio, amemaliza kujaza. Kazi iliyobaki ilikuwa kuuvuta mpira wa kujazia utoke kwenye tundu. Mpira ule ni mzito kama ndama, na umejaa mafuta yaliyobaki. Ulinasa. Akauvuta kwa nguvu, akiwa ameegemea nyuma. Ukaachia ghafla.

Mimi nilikuwa natoka maabara. Nilimwona anarudi nyuma, hatua moja, na mkono wake wa kulia ukaenda pembeni kutafuta cha kushika. Uliifumbata hewa. Ukafunguka, ukaifumbata tena. Kisha akawa hayupo juu.

Alitua kwa nyonga kwenye zege. Watu walikimbia, wawili wakamshika kwapani kumkalisha.

"Msimwinue!"

"Dada, yuko juani!"

"Mpeni kivuli. Msimwinue!"

Hili mlishike kuliko yote niliyoandika. Aliyeanguka kutoka juu hakalishwi, hapewi maji, hakunjwi kuingizwa kwenye bajaji. Tuling'oa mlango wa stoo. Mzee Mkumbo alipiga magoti akamshika kichwa kwa viganja viwili kisitikisike, sisi wengine tukamsogeza juu ya mlango kama mtu anavyosogeza sahani iliyojaa, na mlango ukapandishwa nyuma ya pikapu. Madaktari walisema mlango ule ulimsaidia. Nyonga ilikuwa imevunjika na pingili moja ya mgongo ilikuwa na ufa.

Kesho yake Meneja alitukusanya. Alisema amesikitika. Alisema pia kwamba reli ipo, kila tenki linayo, Yusufu aliiona na akaiacha imelala. "Huo ni uzembe. Kiwanda hakiwezi kubeba uzembe wa mtu."

Sikilizeni vizuri neno hilo, kwa maana mtakutana nalo. Likishakubaliwa, matibabu si ya kiwanda tena, kazi si yako tena, na hakuna kitakachobadilishwa, maana mbovu alikuwa wewe na wewe umeshaondoka. Na neno lile lina miguu. Nilipokwenda hospitali Jumamosi lilikuwa limeshafika Ihanja na kurudi. Mama yake Yusufu alikuwa ameketi kando ya kitanda, mtandio umemwangukia mabegani.

"Mwanangu," aliniuliza, "wanasema huyu alikuwa anacheza huko juu. Ni kweli?"

Yusufu alikuwa ameugeukia ukuta. "Dada," alisema, bila utani wowote, "mfupa wangu waachie madaktari. Wewe niondolee hilo neno."

Sikumwahidi kitu. Nilitoka pale na swali langu la zamani likiwa limefunguka lenyewe. Wapakiaji wale hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, si timu ya mpira, si siasa, si kiasi cha chumvi kwenye mlenda. Miongoni mwao walikuwamo wababe na waoga. Mwoga haachi cha kushika kwa sababu ya kuchekwa, si kila siku, si miaka yote. Lazima kulikuwa na kitu kingine.

Jumatatu, watu wakiwa kwenye chakula, nilipanda tenki tupu lililokuwa kwenye pakilio. Katika miaka yangu yote pale sikuwa na sababu ya kupanda mahali pale. Bomba la kujazia lilikatiza juu ya tenki, chini kidogo ya kiuno changu. Reli ikisimama inafika kiunoni. Nikachuchumaa, nikatazama tumbo la bomba. Lilikuwa na mikwaruzo ya zamani, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na rangi ya njano.

Mzee Mkumbo alikuwa anakula ugali nyuma ya stoo, peke yake.

"Mzee, lile bomba lina rangi ya njano tumboni."

"Litakuwa lilipakwa."

"Limekwaruzwa."

Alikata tonge, akalichovya, akalirudisha kwenye sahani. "Lori la kwanza kuingia bomba lilipofungwa lilikuwa limeinua reli," alisema. "Bomba liliing'oa yote, kama unavyoburuta waya wa kuanikia nguo. Fundi alikuwa amelifunga chini mno. Nikamwambia meneja wa wakati ule, si huyu. Akasema bomba halihamishwi, lazeni reli. Vijana wakagoma kupanda."

"Ukafanya nini?"

"Nikawachekesha."

"Ukawachekeshaje?"

"Nikasema reli ni kitanda cha mtoto. Wakacheka, wakapanda. Wale wakaondoka, wakaja wengine, wakaukuta utani, bomba hawakuliuliza. Yusufu naye aliukuta."

"Meneja huyu anajua?"

"Sijui kama anajua. Hajauliza. Anayeuliza kila kitu hapa ni wewe."

"Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Utamwambia?"

"Binti, nimebakiza msimu mmoja nipumzike."

"Na Yusufu amebakiza nini?"

Nilimwacha na sahani yake. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, kwa sababu mikono iliyokishika kichwa cha Yusufu ilikuwa ni hii hii.

Nimesikia watu wa misikitini na wa makanisani wakisema, kwa maneno yanayofanana, kwamba siku ya Yusufu ilikuwa imeandikwa. Sibishani na Mungu. Nakataa tu kumbebesha bomba lililofungwa na fundi kwa spana.

Alhamisi mkaguzi alifika, mama wa makamo mwenye miwani, amekwishachoka kabla ya kushuka garini. Meneja alimsimamisha kwenye pakilio akamweleza yale yale: reli ipo, mfanyakazi hakuitumia. Yule mama akatikisa kichwa kukubali. Lori la Daudi lilikuwa la kwanza kwenye foleni kuingia kujazwa, na kwenye mizani yalikuwapo mawili yanayosubiri sampuli.

"Dada Sampuli," Meneja akaniambia, "unangoja nini? Kuna malori kule."

"Sipandi."

"Umesemaje?"

"Sipandi, na hakuna lori litakalotoka leo, mpaka Mkaguzi aone lori likiingia hapa likiwa limeinua reli. Umesema ingeinuliwa. Iinuliwe, tuone."

"Huyu ni wa maabara," Meneja alimwambia mkaguzi. "Upakiaji haumhusu."

"Kweli haunihusu. Ndiyo maana nauliza."

Honi zilikuwa zimeanza nyuma. Daudi akatoa kichwa dirishani. "Dada, mimi nawahi Dar! Mkitaka kugombana, gombaneni juu ya lori la mwenzangu!"

"Suka, zima redio," mpakiaji mmoja akamwambia.

Mkaguzi alinitazama, akamtazama Meneja. Nadhani angeondoka. Nawaambieni ukweli, sikuwa na mpango wowote baada ya pale. Nilikuwa na kukataa kwangu tu, na kukataa peke yako mbele ya watu wanaotaka kwenda nyumbani ni kazi ngumu kuliko ngazi yoyote.

Kisha Mzee Mkumbo akatoka kwenye kundi la wapakiaji. Alikwenda mpaka mguuni mwa ngazi ya lori la Daudi, akakamata ule mkono wa chuma, akauvuta. Reli zikasimama.

"Mzee Mkumbo," Meneja akasema, "unafanya nini?"

"Nafanya ulichosema Yusufu hakufanya."

"Mzee," Daudi alilia kutoka dirishani, "reli ya tajiri ikipinda nitasema nini?"

"Utasema Mkumbo. Ingia. Polepole."

Lori likaingia, polepole kama bibi harusi. Kichwa kikapita chini ya bomba. Ngazi ikapita. Reli ikafika kwenye bomba, ikasikika sauti moja ya chuma ambayo mnaweza kuisikia mpaka leo mkimwomba Daudi awaigizie, na lori likasimama. Fito ya mbele ilikuwa imekunjika kama kiwiko. Hakuna aliyecheka.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hili bomba," alimuuliza Meneja, "liko hivi tangu lini?"

"Kabla yangu," Meneja alisema.

"Mimi nitakueleza, mama," Mzee Mkumbo alisema. Na akamweleza, amesimama pale pale, kofia mkononi, mbele ya vijana aliowachekesha miaka yote ile. Hakujiruka. Nilimwona kijana mmoja anatazama juu kwenye tenki, kisha anaitazama mikono yake mwenyewe.

Bomba lilikatwa na kuinuliwa kabla msimu haujaisha. Neno uzembe liliondolewa, kiwanda kikabeba matibabu. Mkataba wangu ulipoisha haukuendelezwa. Niliambiwa kazi ya sampuli imeunganishwa na nyingine. Hakuna aliyetamka sababu na mimi sikuwapa nafasi ya kunipa ya uongo. Siku hizi nawapimia mafuta wenye mashine ndogo za kukamulia huko Ikungi, na miguu yangu iko ardhini. Sijuti. Mkiambiwa kwamba mwenye maswali hadumu kazini, jibuni kwamba ni kweli wakati mwingine, halafu muulize swali linalofuata. Mkipewa utani badala ya sababu, chekeni kama unachekesha, kisha nendeni mkatazame kinachofunikwa na kicheko. Msiogope kuonekana wabishi. Zege halimbagui mbishi na mpole.

Wiki ile ile ya lori la Daudi, kabla hata ya mafundi kuja, Mzee Mkumbo aliniomba nimsindikize Ihanja. Yusufu alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani kulala huko. Tulimkuta barazani juu ya godoro, mguu umenyooshwa kwenye mito, majirani wawili watatu wamekuja kumjulia hali na mama yake anawasha moto wa chai. Mzee Mkumbo alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba sukari. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mama," alisema, kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, ili hata walio uani wasikie. "Mwanao hakuwa anacheza. Reli isingeweza kusimama mahali pale, na mimi nilijua. Nilijua tangu mwanzo. Ule utani ulikuwa wangu."

Mama yake Yusufu alibaki ameinamia moto. Alisukuma kuni ndani, ya kwanza, ya pili. Kisha akawatazama wale majirani, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akaitika kwa kichwa kwamba amesikia.

Mzee Mkumbo akamgeukia Yusufu. "Nisamehe, mwanangu."

"Shikamoo, Mzee," Yusufu alisema.

"Marahaba."

"Hiyo nitakupa kila ukija, ni haki ya umri wako. Hilo lingine, ngoja kwanza nitembee."

Mzee Mkumbo alisimama kidogo na sukari yake mkononi. Halafu akavuta kigoda, akakiweka karibu na ule mguu, akakaa.

"Basi nitakuwa nakuja," alisema.